Sura ya Tisa: Mtazika Lini?

Ukitaka kugombana na mwanamume anayechapisha programu za mazishi mjini Nyeri, usichague Alhamisi. Watu huzikwa Ijumaa na Jumamosi, kwa hivyo Alhamisi ngazi za duka hujaa wafiwa tangu saa mbili asubuhi, huyu na picha ya marehemu ndani ya bahasha, yule na karatasi yenye majina ya watoto, wakwe na vitukuu, na ole wake atakayemsahau mkwe mmoja. Murugi alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Katika miaka mitatu ya kumpenda Theuri, hakuwahi kumwona siku ya Alhamisi hata mara moja.

Lakini Alhamisi hii ya Julai, baridi ikiwa imeushika mji mzima na mlima haujaonekana wiki nzima, alizipanda ngazi zile akiwa ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na mkataba. Kurasa nne alizozipiga chapa Theuri mwenyewe, na mahali pa sahihi ya mwandishi pamekaa patupu kwa wiki ya pili sasa.

Mkataba ulikuwa wa riwaya yake, Mfukuza Ndege. Aliiandika kwenye madaftari ya shule, jioni baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi wake, akisimulia maisha ya mama yake aliyeanza kufukuza ndege kwenye mashamba ya mpunga ya Wang'uru akiwa msichana wa miaka kumi na miwili. Wachapishaji wawili wa Nairobi walishapelekewa. Mmoja alinyamaza kimya. Wa pili alijibu kwa adabu nyingi kwamba foleni ni ndefu na jibu lingechukua mwaka mmoja na nusu.

Mwaka mmoja na nusu! Mama yake, Monicah, hakuwa nao. Moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari aliwavuta Murugi na kaka yake pembeni akawaambia kwamba wasihesabu miaka, wahesabu miezi. Tangu siku hiyo mama hakuwa na ombi jingine. Hakutaka kupelekwa India, hakutaka kuombewa na askofu. Alitaka kukishika kitabu chake mkononi.

Theuri peke yake ndiye aliyesema, "Miezi mitatu." Na kampuni yake ya vitabu, iliyosajiliwa na kuwekewa hadi muhuri, haikuwa imetoa kitabu hata kimoja.

"Mtu wa programu," ndivyo kaka yake Wambugu alivyomwita. "Umetafuta Kenya nzima, ukapata mtu wa programu? Ametoa kitabu gani, huyo? Nitajie moja tu."

"Iko ya mzee fulani wa Nanyuki. Iko karibu kutoka."

"Hiyo karibu yenu nimeisikia tangu mwaka juzi. Mimi nakuambia hivi, usiniulize, usimuulize yeye. Enda umuulize huyo mzee."

Na ndiyo maana leo asubuhi Murugi aliomba ruhusa shuleni, akaenda Nanyuki.

Alipoingia dukani, mteja wa mwisho alikuwa akishuka na kifurushi chake. Theuri alikuwa kwenye mashine ya kukata karatasi, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, wino umemganda kwenye kucha. Aliinua macho. Yale macho! Murugi alikuwa amejiapiza njia nzima kwamba hatayatazama, na sasa aliyatazama, kama alivyoyatazama siku ya kwanza.

Siku ya kwanza yenyewe ilikuwa ya msiba. Alikuja kuchapisha programu ya baba yake. Theuri aliyasoma maneno aliyoyaandika kuhusu marehemu, akayarudia tena amesimama, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani ameandika hii?" Murugi alipojibu kwamba ni yeye, Theuri alimwangalia akasema, "Wewe ni mwandishi. Mtu hajakuambia?" Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Alitoka pale akiwa amempoteza baba na kupata kitu asichokijua jina.

"Umekuja Alhamisi," Theuri alisema sasa, akitabasamu nusu.

"Nimekuja."

"Kuna baridi. Kaa hapo karibu na heater. Niko na chai kwa thamosi, nilikuwa nimekuwekea..." Alisita. "Hapana, nisikudanganye. Sikujua utakuja. Lakini chai iko."

Murugi alikaa. Mbele yake, ukutani, ulikuwepo ubao mweusi aliouzoea. Theuri alikuwa ameugawa sehemu tatu kwa chaki: jina, siku ya kuzika, siku ya kuchukua. Kazi zilipangwa kufuata siku ya kuzika. Anayezikwa kesho anatangulia, anayezikwa Jumamosi anafuata, na harusi na kadi za makanisa hujibanza zinapoweza. Chini kabisa kulikuwa na mistari miwili ambayo mahali pa siku ya kuzika palikuwa na kistari kifupi tu. Mmoja ulisema: Kitabu, Mzee Abdirahman. Wa pili: Kitabu, Murugi. Zamani alikuwa akicheka kulisoma jina lake katikati ya maiti. Theuri naye alikuwa akimwambia, "Wewe ndiye mtu wangu wa pekee hapo mwenye uhai." Walicheka sana kwa hilo, wale wapenzi wawili.

"Umetia sahihi?" Theuri aliuliza, akimimina chai.

"Nimetoka Nanyuki."

Mkono wake ulitulia juu ya kikombe. "Nanyuki kufanya nini?"

"Kumwona Mzee Abdirahman. Nilitaka nimuulize swali moja tu. Kama wewe ni mtu wa kuaminika."

"Si ungeniuliza mimi?"

"Wewe nimekuuliza miaka mitatu, Theuri."

Alijua kwamba maneno hayo yangeuma, na yaliuma. Theuri aliweka thamosi chini polepole. Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyefumaniwa. Ulikuwa wa mtu anayengoja kusikia habari za rafiki.

"Haya. Anaendeleaje? Alikuambia nini? Huyo mzee anapenda kuninung'unikia, najua. Kila akipiga simu anasema, 'Theuri, ngamia anabeba mimba mwaka mmoja na anazaa, wewe unabeba kitabu yangu mpaka lini?'" Alicheka. "Mwambie iko tayari. Nimebakisha kupitia mara ya mwisho tu. Hata kava nimetengeneza."

Murugi aliukumbatia mkoba wake tena. Alikuwa amejipanga kumkaripia. Kumbe hakuwa amejipanga kumpa habari za msiba.

Mbele ya macho yake aliliona tena duka la maziwa ya ngamia kule Nanyuki, nyuma ya soko la mifugo, na Hibo, bintiye mzee, akiifuta meza kwa kitambaa huku akimsikiliza. Hibo alimsikiliza hadi mwisho, kisha akakikunja kile kitambaa mara mbili.

"Dada, umechelewa," alisema. "Baba alirudi kwa Mola mwezi wa tatu. Pumu. Asubuhi alikuwa anakohoa, saa nne akanyamaza, na alasiri ilimkuta kaburini."

"Na Theuri? Hamkumwambia?"

"Nani angemkumbuka siku hiyo? Sisi hatungoji wiki. Hatuna vitabu vidogo vya picha. Tunaosha, tunaswali, tunazika." Halafu macho yake yakajaa. "Lakini baba alimngoja, wallahi. Kila Ijumaa akirudi msikitini ananiuliza, 'Hibo, yule kijana wa Nyeri amepiga?' Mimi namwambia bado. Anasema, 'Atapiga. Ni kijana mzuri.' Mimi sitaki ugomvi na mtu. Ukimwona, mwambie anirudishie daftari ya baba. Ni mwandiko wake. Sina kitu kingine ameandika."

"Murugi?" Theuri alisema. "Mbona unaniangalia hivyo?"

"Amefariki."

"Nani?"

"Mzee. Amefariki tangu Machi. Miezi minne, Theuri."

"Hapana." Alitikisa kichwa kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. "Hapana, ningejua. Mtu akifariki mimi najua. Mimi ndiye wa kwanza kujua, Nyeri hii yote, wakitoka mochari wanakuja kwangu!"

"Walimzika siku hiyo hiyo. Wao hawafanyi programu."

Theuri alitafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia, akakaa. Murugi alimwona akiugeukia ubao, ule mstari wa pili kutoka chini, lile jina na kile kistari mbele yake.

"Kwa hivyo hakuna mtu aliniletea picha yake," alisema, akijiambia mwenyewe.

"Hakuna."

"Nilikuwa nangoja wiki yenye nafasi. Nilitaka ikae vizuri, si ile kazi ya haraka haraka. Mzee alistahili kazi nzuri." Alifunika uso kwa viganja vyenye wino. "Kila wiki kulikuwa na mtu amekufa, Murugi. Unamwambia nini mtu amefiwa? Unamwambia ati ngoja, niko na kitabu ya mtu mzima anakunywa chai Nanyuki?"

Alilia. Hakulia kwa kujificha. Mabega yalimpanda na kumshuka, na Murugi, aliyekuja na hasira ya kutosha kulichoma duka zima, akajikuta amepiga magoti mbele yake, amemshika kichwa. Alimpenda. Hilo ndilo lililomkatisha tamaa kuliko yote. Angekuwa mwizi, angempeleka polisi. Angekuwa mwongo, angemtukana na kumsahau kabla ya Krismasi. Lakini huyu alikuwa mtu mwema asiyeweza kumwambia mfiwa ngoja, na kwa sababu hiyo neno hilo aliwaambia wote waliokuwa hai.

Na yeye pia alikuwa hai. Mara ngapi Theuri alikuwa ameahidi kuleta wazee wake nyumbani kwao Ruring'u, kuja kuhanda ithigi, kupanda tawi lile linalowaambia majirani kwamba msichana wa boma hili amechumbiwa? Ilikuwa iwe Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Desemba hiyo akafariki chifu wa zamani, programu zikahitajika elfu mbili. Ikasogezwa Pasaka. Pasaka ikapita. Mama yake alikuwa akiuliza kwa maneno, sasa alikuwa akiuliza kwa macho.

Theuri alisimama, akaifungua droo ya chini ya kabati, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa karatasi safi. Daftari la mzee lilikuwa ndani, halina hata kona moja iliyokunjika. Juu yake zilikuwa kurasa zote zimeshapigwa chapa, na kava yenye ngamia watatu na jua.

"Angalia," alisema. "Haikukosa kitu. Ilikosa siku moja tu, ya mimi kukaa chini."

Ilikuwa nzuri. Murugi alipindua kurasa mbili tatu, na moyo ukamuuma kwa jinsi ilivyokuwa nzuri.

"Hibo anataka daftari," alisema.

"Nitampelekea mwenyewe. Nitampelekea na vitabu, vyote, nimwombe msamaha."

"Lini?"

Theuri alianza kukifunga tena kile kifurushi.

"Theuri, nakuuliza lini."

"Usinifanye hivyo."

"Mimi niko na mama ndani ya nyumba anahema kama amepanda mlima na amekaa tu kitandani! Sina kitu ingine ya kukuuliza isipokuwa hiyo. Nimekuja hapa nitie sahihi au nichukue madaftari yangu. Nikitia, kitabu ni yako, siwezi kupeleka mahali pengine. Wewe umeandika hivyo kwa mkataba, ukurasa wa tatu. Sasa niambie. Nikuamini?"

Theuri alijifuta uso kwa mkono wa shati. Alienda kwenye ubao, akachukua chaki. Hakuligusa jina la mzee. Alishuka hadi mstari wa mwisho, akakifuta kile kistari kwa kidole gumba, na mahali pa siku ya kuzika akaandika kwa herufi kubwa: AGOSTI 20.

Aligeuka. "Mama yako hatazikwa hiyo siku. Hiyo siku nitakuja Ruring'u na kitabu mkononi, na wazee wangu nyuma yangu. Siku moja, vyote viwili. Niangalie, Murugi. Sijawahi kukosa tarehe imeandikwa hapa. Hata moja. Uliza mtu yeyote Nyeri."

Ilikuwa kweli. Hakuwahi. Hakuna maiti aliyewahi kuingia kaburini Nyeri akiisubiri programu ya Theuri. Murugi aliiangalia ile tarehe, na kitu kilichokuwa kimekufa ndani yake kikajigeuza. Aliwaza uso wa mama. Aliwaza vidole vya mama, vilivyopinda kwa mpunga, vikipapasa kava.

"Ukiandika na ukose..." alianza.

"Sitakosa."

"Nitakuchukia."

"Unichukie. Lakini utie sahihi kwanza, mpenzi. Nipe mtu mmoja aliye hai nimalize kazi yake. Nakuomba. Nikikosa huyu mmoja, mimi sitawahi kuwa kitu ingine hapa duniani isipokuwa hii." Alionyesha duka kwa mkono, mashine, marundo, nyuso za marehemu zikitabasamu kutoka kila upande.

Walikuwa wamesimama karibu sana. Murugi aliweza kunusa wino na sabuni shingoni mwake. Theuri alimshika kidevu, akamwangalia kama anayekariri, na kwa dakika hiyo moja hakukuwa na Wambugu, wala Nairobi, wala moyo wa mama uliochoka. Kulikuwa na Agosti tu.

Alitoa mkataba. Akaulaza juu ya meza, akaugeuza hadi ukurasa wa nne, akafungua kalamu.

Ngazi zikalia kwa viatu vizito.

Aliingia mwanamume wa makamo, koti limelowa ukungu, na nyuma yake mwanamke aliyefanana naye, leso mdomoni. Walisimama mlangoni kama watu wasiojua kama wamefika mahali penyewe.

"Ni hapa kwa Theuri?" mwanamume aliuliza. "Mimi naitwa Mburu. Tumetumwa kutoka mochari. Ni mama. Ni mama yetu."

Murugi alikuwa ameiweka kalamu kwenye karatasi tayari, wino umeacha nukta ndogo. Hakuinua kichwa. Sema nimefunga, aliomba moyoni. Sema warudi baada ya dakika tano. Sema ngoja, neno moja tu, na mimi nitaandika jina langu lote na la ukoo.

"Poleni sana," Theuri alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ile laini aliyomsemeshea Murugi miaka mitatu iliyopita. "Ingieni. Kaeni hapa kwa heater. Mtazika lini?"

"Kesho kutwa. Kule Othaya."

"Jumamosi. Sawa. Alikuwa anaitwa nani?"

"Felista Wangechi," mwanamke alisema, na hapo akavunjika kabisa, akalia kwa sauti. Theuri alimwekea chai kutoka thamosi ile ile. Alichukua bahasha ya picha kutoka mkononi mwake kwa uangalifu mkubwa, kama anayepokea mtoto mchanga. Murugi hakuweza hata kumkasirikia. Siku yake mwenyewe ikifika, angetaka picha yake ipokewe hivyo hivyo.

Theuri alienda ubaoni. Ulikuwa umejaa juu hadi chini. Alitafuta nafasi kwa macho, chaki mkononi, bado akizungumza na Mburu juu ya idadi ya wajukuu. Kisha, bila kukatisha sentensi yake, aliinua kiwiko akaufuta mstari wa mwisho. Akaandika pale: Felista Wangechi, Jumamosi.

Hakugeuka. Hakujua. Mkono ulifanya kazi yake kama kila Alhamisi.

Murugi alifunga kalamu. Aliukunja mkataba, ile nukta ya wino ikiwa ndani. Madaftari yake yalikuwa pale rafuni yalipokaa tangu Aprili, kumi na moja, yamefungwa kwa kamba ya katani. Aliyachukua, na baada ya kufikiri kidogo akachukua pia kifurushi cha mzee, daftari na kurasa na ngamia wake watatu.

"Watoto ni saba," Mburu alikuwa akisema, "lakini mmoja alitangulia."

"Tutamweka pia," Theuri alisema. "Wote tutawaweka. Hatumwachi mtu nje."

Murugi alikuwa mlangoni aliposikia kimya nyuma yake. Aligeuka. Theuri alikuwa akiutazama ubao, kisha kiwiko chake cheupe kwa chaki, kisha yeye. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Murugi. Nitaiandika tena. Hapa pembeni, ona. Iko nafasi hapa."

"Najua."

"Ilikuwa ni mkono tu. Haikuwa mimi."

"Najua, Theuri." Na alijua. Alimtazama mara ya mwisho, yale macho, zile kucha, alivyosimama kati ya wafiwa wawili asiweze kuwaacha hata kwa hatua tatu za kuufikia mlango. "Watengenezee vizuri. Ni mama yao."

Alishuka ngazi akiwa amekumbatia madaftari. Hakuna aliyemfuata. Alilia kuanzia soko hadi Ruring'u, akitembea kwa miguu kwenye ukungu, na waliopishana naye walidhani ametoka mochari, wakampa pole. Alizipokea zote.

Nyumbani, mama alikuwa kando ya dirisha, shali mabegani, akisikiliza filimbi za vijana waliokuwa wakifanya mazoezi ya mpira kule uwanjani. Murugi alipewa jina la bibi yake mzaa mama, kwa hivyo Monicah alimwita maitu, mama yangu, na Murugi naye alimwita vivyo hivyo. Tangu utotoni nyumba hiyo ilikuwa na mama wawili na hakuna aliyeona ajabu.

"Maitu, umerudi," Monicah alisema. Aliyaona madaftari. Hakuuliza kwa nini macho ya binti yake yamevimba. "Alikupa tarehe?"

"Alinipa."

"Halafu?"

"Halafu akaifuta."

Mama alitikisa kichwa taratibu, akavuta pumzi, ikamchukua muda kufika. "Na wazee wake?"

"Hawaji, maitu. Usiwangoje."

"Unampenda?"

"Nampenda."

"Ngai," mama alimwita Mungu wake, basi. Alinyoosha mkono, Murugi akaweka kichwa chake pale, juu ya yale mapaja yaliyokonda, na mama akamsugua nywele hadi filimbi za uwanjani zikanyamaza.

"Wambugu anasema kuna Nairobi," Monicah alisema baadaye.

"Mwaka moja na nusu."

"Eh." Mama aliyagusa madaftari kwa vidole. Kisha akasema, "Mimi macho hayaoni mwandiko mdogo. Hata ungeniletea hicho kitabu, si ningekishika tu? Nisomee."

Murugi alijifuta pua kwa kiganja. Alifungua kamba ya katani, akatoa daftari la kwanza. Aliwasha taa, akasoma kwa sauti iliyokwaruza: "Ndege walikuja kabla ya jua, na Monicah aliwangoja katikati ya mpunga, maji magotini, na debe na fimbo mkononi."

"Haikuwa debe."

"Ati nini?"

"Ilikuwa sufuria. Sufuria ya mama yangu, yule ulipewa jina lake. Ilikuwa imetoboka, haingeweza kupika. Nilipiga hiyo mpaka ikapasuka. Debe tungetoa wapi? Andika sufuria."

Murugi alichukua kalamu, ile ile, akakata debe, akaandika sufuria. Mama alingoja hadi alipomaliza, akiwa ameinamisha kichwa kuisikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Kurasa ziko ngapi zote?" aliuliza.

"Mia nne, na kidogo."

"Na daktari aliwaambia aje? Wewe na Wambugu, siku ile mlisimama kwa mlango."

Murugi aliinamia daftari. Herufi zilikuwa zikiogelea, alizishikilia kwa kidole ili zisimponyoke. Mama alivuta shali lake vizuri, akafunga macho, akaegemeza kichwa ukutani.

"Basi usome haraka kidogo, maitu," alisema.